Pemba ya Mkono Mmoja

Kamina ni tambarare. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiwaambia watu kwamba njia ya ule mlima niliipanga nikiwa Kamina, chini ya kalenda ya kanisa, huku mama yangu akichambua maharagwe, huniangalia kama mtu aliyelewa. Na kweli nilikuwa nimelewa, ila pombe haikuhusika. Mwezi ule wa likizo nilikuwa nikicheka peke yangu, nikimwaga chai, nikisahau chumvi kwenye sombe, yale majani ya muhogo. Wifi yangu, mke wa kaka, aliyekuwa na mimba kubwa na hasira fupi, aliniuliza mara mbili kama nimepata mwanamume.

Nilikuwa nimepata ukuta.

Mimi ni mtoto wa kambi ya reli. Baba aliendesha treni hadi alipostaafu, na sisi tulikulia katika nyumba ya matofali ambayo vikombe vyake bado hutetemeka kabatini mizigo ikipita. Nikasomea uuguzi Lubumbashi, na maisha yakanisukuma mpaka bonde moja huko Ulaya, kwenye milima ya Alpi, upande ambako milima ni mawe ya chokaa matupu, meupe, yaliyosimama wima. Nafanya kazi hospitalini, na siku zangu za mapumziko napanda. Mwenzangu wa kamba ni mwanamke anayeoka mikate bondeni. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiutazama ukuta mmoja kutoka dirisha la tanuri lake. Pembeni watu walikuwa wamepita, lakini katikati hapakuwa na aliyewahi kupita. Tukasema tutapita sisi. Nilipopata likizo ya kurudi nyumbani, akaniambia niipange njia huko huko, maana Kamina hakuna mlima wa kunivuruga akili. Hakuwa anamjua mama yangu.

Picha ya ukuta nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaipeleka kwa mwenye fotokopi karibu na soko, akanichapishia vipande vipande, nyeusi na nyeupe, nikaviunganisha kwa gundi ukutani sebuleni. Mlima ukatoka sakafuni hadi kwenye dari. Wageni waliokuja kumsalimia baba walilazimika kuketi chini yake, na mmoja alisogeza kiti mbele kidogo, eti usije ukamwangukia.

Chokaa ina tabia zake, na kupanga njia ni kuzijua tabia hizo kabla hazijakufundisha kwa nguvu. Jiwe la kijivu ni gumu. Mvua imelichonga mifereji yenye makali, linakuchana vidole lakini linakushika. Jiwe la njano limeoza. Ukilivuta unabaki nalo mkononi. Mistari myeusi ni mapito ya maji, na mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Halafu juu hakuna hata kijito, kwa sababu mlima wenyewe unayanywa maji yote, kwa hiyo kila tone unalibeba mgongoni. Ukuta wetu ulikuwa wa kijivu karibu wote, ila katikati ulifungwa na mkanda wa jiwe la njano, mpana, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kuwa karatasi zangu hazikuwa na rangi, nilichovya kidole kwenye mafuta ya mawese nikaupaka ule mkanda. Mama alipoona mawese yake yamekwenda kupaka mlima, aliichukua chupa akaenda kuifungia chumbani kwake.

Baba alivutiwa mno. Kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta na penseli sikioni.

"Benye kushuka," aliniuliza, "munapishana nabo wapi?"

"Hakuna wenye kushuka, papa. Ni kupanda tu."

"Njia moja, na hakuna pa kupishana?" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Aba bantu ya Ulaya!"

Akatafuta rafu ya mwamba iliyo pana kuliko nyingine, akachora kisanduku, akaandika neno gare, yaani stesheni. Nilijaribu kumweleza kwamba kwenye ukuta ule hatapita mtu mwingine, si wa kupanda wala wa kushuka. Akaniambia kwamba yeye pia aliwahi kuambiwa hivyo siku moja. Stesheni ikabaki palepale.

Mama hakuwa na haja na stesheni. Aliinua macho kutoka kwenye maharagwe, akafuata mstari wangu kutoka chini hadi kileleni, akasema, "Minyi naona ya kupanda. Ya kushuka iko wapi?"

"Nitaichora kesho, mama."

"Basi na pemba itakuya kesho."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu sisi Baluba, pemba ni udongo mweupe laini, na ni kitu kikubwa. Mtoto akizaliwa salama, watu wa nyumba hiyo hujipaka mikononi, na anayewaona barabarani hana haja ya kuuliza, anaanza kuimba. Mtu anayesafiri pia hupakwa, ili aende na moyo mweupe. Mama alizaliwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, na kipande chake cha pemba hutumwa na dada zake. Ni mtu wa kanisa, hakosi ibada hata akiwa na homa, lakini kile kipande hukaa kabatini nyuma ya Biblia, na viwili hivyo havijawahi kugombana. Alinipaka nilipokwenda Lubumbashi. Alinipaka nilipokwenda Ulaya, nikapanda ndege na mikono mieupe hadi kiwiko, na askari wa uwanja wa ndege akanipongeza kwa mtoto. Sijawahi kuondoka bila pemba.

Safari hii alisema wazi, mbele ya baba: "Pemba ya kupanda bila kushuka, minyi sina."

Niliutaka mlima ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na niliogopa kwamba mama hatanipaka. Bila pemba nisingepanda. Najijua, ningegeuka nyuma mahali pa kwanza pagumu, na mahali pa kwanza pagumu palikuwa karibu sana na chini.

Lakini kushuka kulikuwa kunaniudhi, ndiyo sababu nilikuwa nakwepa. Mwoka mikate alitaka tushuke kwa kamba, palepale tutakapopandia, haraka haraka, awahi tanuri. Ule mkanda wa njano ungetuporomoshea mawe kichwani. Njia nyingine ilikuwa nyuma ya mlima, uwanda mrefu wa mawe meupe uliojaa mashimo marefu, mengine yamefunikwa na theluji. Hapo hukimbii, unatembea polepole, unapapasa kwa fimbo, na lazima uanze mapema kabla ukungu haujaingia. Na ukianza mapema, basi kile kilele cha pili, kile kidogo kilicho jirani ambacho tulikuwa tumekiota kwa miaka, unakiacha. Sikutaka kukiacha. Kwa hiyo kila siku nilichora kupanda, na kila siku kushuka kulikuwa kesho.

Kisha nikauona ufa. Ulikuwa ufa mzuri ajabu, mwembamba, umenyooka kutoka chini hadi juu ukikata karatasi zote, ukipenya hata kwenye mkanda wa mawese. Nilishangaa macho yangu yalikuwa wapi. Nikamshika wifi mikono nikamchezesha sebuleni na tumbo lake, nikamwandikia mwoka mikate ujumbe mrefu usio na nukta wala koma. Siku ya Jumapili, kanisani, nikafungua karatasi ya ratiba ya ibada. Ufa ulikuwepo, mwembamba, umenyooka, ukishuka katikati ya nyimbo na matangazo. Kanisa na mimi tulikuwa na fotokopi moja, na mashine ilikuwa chafu. Nikamwonyesha baba. Baba akaangalia karatasi yake, akaangalia ya mzee aliyeketi mbele yake, akaninong'oneza, "Mulima yako inafika mpaka mu kanisa." Tulicheka mabega yakitikisika, tukiwa tumeinamisha vichwa, na mama upande wa pili akadhani tunalilia dhambi zetu.

Ufa ukafa. Ikabidi nianze upya, na kwa kuwa mikono ilikuwa inawasha kwa kukaa bure, nikaomba ruhusa ya kupanda mnara wa maji wa zamani, ule wa matofali uliokuwa ukizinywesha injini za mvuke. Mlinzi alimjua baba, akakubali kwa sharti kwamba baba ndiye atakayeshika kamba. Baba akaishika kwa heshima zote, na kofia yake ya kazi kichwani. Nikajipaka chaki, ule unga mweupe tunaoutumia kukausha jasho la vidole. Joto lilikuwa kali, nikazidisha. Nikajipaka hadi kwenye viwiko.

Juu kabisa mnara una ukingo uliotokeza nje, na mtu akifika hapo hana pa kwenda. Nilining'inia chini yake nikitafuta. Mbele hapapitiki. Basi nikaenda pembeni, taratibu, vidole kwenye kiungo cha matofali, mpaka nikafika pale bomba la zamani lilipoukata ukingo. Na nikiwa hapo, uso kwenye tofali, nikauona ukuta wangu. Mkanda wa njano haupandwi. Unafuatwa kwa chini, kwenye jiwe la kijivu, kuelekea kushoto, hadi pale mstari mweusi wa maji unapoukata. Pakiwa pakavu, hapo jiwe ni zima. Nilipiga kigelegele nikiwa ninaning'inia. Baba chini akakaza kamba kwa nguvu, akiamini naanguka.

Nilimwacha akikunja kamba, nikachukua baiskeli, nikaenda mbio nyumbani kuchora kabla sijasahau. Nilikuwa nacheka. Nilimpungia mkono kila niliyempita, dereva wa mototaksi, mwenye fotokopi, akina mama wa kambi ya jeshi wanaouza samaki wakavu. Kwenye bomba la maji jirani yetu mmoja aliniona, akaacha ndoo, akapiga kigelegele. Nikamjibu kigelegele. Kwa nini nisimjibu? Nilikuwa na furaha.

Nilikuwa bado natafuta penseli niliposikia watu. Kwanza wimbo, halafu dumu la plastiki linalopigwa kama ngoma, halafu miguu mingi uani. Wifi ndiye aliyefungua mlango. Akasimama pale, mkono kiunoni, tumbo limetangulia.

Wimbo ukakatika.

"Vidye!" akasema mwanamke wa bomba, akimwita Mungu. "Mutoto angali mu tumbo!"

Ndipo nilipoiangalia mikono yangu. Walikuwa wamedhani ile chaki ni pemba, na papo hapo nikashikwa na kicheko cha kipumbavu ambacho sikuweza kukimeza. Kumwimbia mtoto ambaye hajazaliwa ni kumwitia mkosi, si jambo la mzaha. Kila mwanamke pale uani alilijua, na wifi alilijua kuliko wote, kwa sababu alilikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili. Na watu waliokuja na wimbo wa pemba hawarudishwi mikono mitupu. Wakirudi hivyo, ile habari njema inakuwa imekufa njiani.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono. Akamwangalia wifi. Akaniangalia mimi, chaki hadi viwiko, nikijifunika mdomo.

"Habari iko," akasema kwa sauti kubwa. "Lakini si ya uyu, yake itakuya na siku yake. Ni ya uyu mwingine. Anatafuta njia ya mulima, na leo alipata. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi muingie. Nitabapaka."

Furaha ikarudi kama haikuwa imeondoka. Mama akaleta kipande kutoka nyuma ya Biblia, akakilowesha, akaanza na wifi, ambaye alikuwa sasa analia na kucheka pamoja, kisha mwanamke wa bomba, kisha wote. Hata dereva wa mototaksi aliyefuata kelele alinyoosha mikono. Baba alipowasili na kamba begani, alipakwa kabla hajauliza ni kwa ajili ya nini, akashukuru kwa Kiluba, "Wafwako," na kwenda kusimama kando ya mlima wake.

Nikabaki mimi. Nilikuwa nimekwisha kunawa chaki, mikono yangu iko mbele, tayari. Mama akasimama na pemba kwenye vidole.

"Onyesha ya kushuka," akasema.

Sebule nzima ikanigeukia. Nilieleza kupanda kwanza, kwa mbwembwe, na walipiga makofi nilipofika kwenye mstari mweusi. Walisimama kidogo kwenye stesheni ya baba, wakauliza kama kuna choo. Halafu nikafika kileleni na penseli ikasimama.

"Tunaweza kushuka kwa kamba, palepale," nikasema.

"Pa mawese?" akauliza mwanamke wa bomba. Alikuwa amesikiliza vizuri.

"Ndiyo. Hapo kamba itaangusha mawe."

"Na juu ya kichwa ya nani?"

"Yetu."

Wifi, mwenye hasira fupi, akaniuliza kama kuna njia nyingine au kama naficha. Nikasema ipo. Nikawaeleza uwanda, mashimo, fimbo, ukungu. Nikawaeleza kilele cha pili, na kwamba tukichukua njia ya nyuma hatutakifikia. Nilijisikia nikisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto anayeomba asiende kulala. Kile kilele kilikuwa kizuri. Nilikipenda. Mama alikuwa bado ameinua vidole, pemba ikianza kumkaukia.

Nikapeleka penseli nyuma ya mlima, nikachora uwanda wote, polepole, hadi kwenye karatasi ya mwisho, hadi kwenye msitu, hadi bondeni kwa mwoka mikate. Kilele cha pili nikakipitishia mstari wa kukifuta. Iliniuma, na sikuificha.

Mama akaushika mkono wangu wa kulia. Akaupaka kutoka vidoleni hadi kiwiko, bila haraka, kama alivyofanya siku zote. Nikanyoosha wa kushoto. Hakuugusa. Akakifunga kile kipande kwenye kitambaa.

"Uyu ni wa kwenda," akasema. "Ule mwingine utaufuata hapa."

Watu walishangilia mno, kwa sababu walidhani ndivyo inavyofanywa kwa milima.

Tulipanda mwisho wa kiangazi. Mwoka mikate aliisoma njia yangu akacheka alipoiona stesheni, lakini tulipofika kwenye ile rafu tulikuta ndiyo mahali pekee pa kukaa watu wawili, tukala mkate wake humo na kupiga picha ya kumtumia baba, mkuu wa stesheni ile. Chini ya mkanda wa njano nilikwenda kushoto kama kwenye mnara, nikiimba kwa woga. Mstari mweusi ulikuwa mkavu. Kileleni tulikumbatiana tukaruka ruka, jambo ambalo halishauriwi kileleni.

Hewa ilikuwa safi kabisa. Kilele cha pili kilikuwa pale, karibu kama nyumba ya jirani. Mwoka mikate akakiangalia, akaniangalia, na macho yake yalikuwa yanasema, saa moja tu. Mawingu hayakuwepo. Mpango nilikuwa nimeupanga mimi, na ningeweza kuupangua. Sijawahi kutamani hivyo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mieupe kwa chaki, huwezi kutofautisha, lakini mimi niliutofautisha. Ule wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Tushuke," nikasema.

Alininunia nusu ya uwanda. Ukungu ulitukuta kwenye mashimo ya mwisho, na tukatembea tukipapasa kwa fimbo, kila mmoja akimwita mwenzake. Fimbo yangu ilizama mara moja kwenye theluji iliyoonekana ngumu, ikaenda yote, na hatukusikia ilipoangukia. Hapo mwoka mikate akaacha kununa.

Nilirudi Kamina mwaka uliofuata. Mtoto wa wifi, aliyekuja na siku yake kama mama alivyosema, alikuwa anatembea, na alinikimbia kwa kilio. Sebuleni karatasi zilikuwa bado ukutani, mawese yamegeuka kahawia. Mama alinipokea begi, akanipa maji ya kunawa, akanipa kiti. Halafu akaenda kabatini.

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Akaupaka hadi kiwiko. Uani watu walikuwa wameanza kujaa, kwa sababu mwanamke wa bomba ana macho. Mama hakuwageukia. Aliniwekea kile kipande kiganjani, akakunja mikono ya blauzi yake ya kitenge, akaninyooshea mikono yake yote miwili, ile iliyochambua maharagwe chini ya ule mlima mwezi mzima bila kuupenda hata siku moja.

"Na minyi unipake," akasema. "Leo njo nilizala mutoto."

Nikampaka. Uani wakaanza upya, kutoka mwanzo, ule wimbo ambao siku ile ulikatika mlangoni.